Kosa la Kuwatanguliza Wazee

Nianze kwa kujisifu, maana nikisubiri kusifiwa na wengine nitazeeka. Miaka ile ya wakimbizi, katika ofisi mbili za shirika letu, nilikuwa mtu pekee aliyeweza kuifanya kompyuta ya aina moja iheshimu makatazo yaliyowekwa kwenye kompyuta ya aina nyingine. Nilikuwa binti wa Kanazi, mtoto wa wakulima wa migomba na maharage, nina cheti cha sekondari na mdomo usiofungwa. Ila nilifika hapo kwa kukosea kwanza, tena kosa la aibu, na nitalisimulia lote kwa sababu bila lile kosa huu ushindi hauna utamu.

Kazi ya shirika ilikuwa kuwakutanisha wazazi na watoto waliopotezana wakati wa kukimbia. Ofisi ya Ngara ilikuwa karibu na kambi, na huko ndiko wazazi walikohojiwa. Ofisi ya Biharamulo ilishughulikia watoto, kwa sababu wengi walikuwa wameokotwa njiani na kulelewa na familia za wilaya ile. Faili la mzazi liliandikwa Ngara, la mtoto likaandikwa Biharamulo, na yasipokutana hakuna mtoto anayerudi kwa mama yake. Mtandao haukuwapo, hata simu ilikuwa ya kubahatisha. Basi kila Jumatano jioni nilinakili mafaili kwenye diski, na Alhamisi asubuhi diski ikasafiri na gari la ofisi, nyuma ya msafara wa polisi kwa ajili ya majambazi wa msituni, ikiwa mapajani mwangu.

Ndani ya mafaili yale mlikuwa na mambo ambayo mtu huyasema mara moja tu maishani. Mama anaeleza alikimbia na nani, alimwacha nani, mtoto ana alama gani na iko wapi mwilini, baba yake ni nani. Kambini watu walioumizana huko kwao walikuwa wakichota maji bomba moja. Kwa hiyo kila faili lilikuwa na mwenyewe, yaani mhoji aliyeliandika. Yeye alilisoma, wengine hapana, hata bosi.

Mhoji wetu mkuu alikuwa dada mmoja wa makamo aliyekulia mpakani, Kirundi akikiongea kama wenyewe. Jumatatu hadi Jumatano alikuwa Ngara akiwasikiliza akina mama, Alhamisi na Ijumaa tukishuka naye Biharamulo kuangalia watoto. Alikuwa mpole, nami sikuwa mpole, na labda ndiyo maana tulipatana.

Sasa hapa ndipo panapohitaji fundi. Seva ya Ngara ilikuwa ya Linux. Iliwekwa na mgeni mmoja aliyekaa wiki tatu, akanifundisha alichoweza, akaniachia daftari lenye maandishi ya kukanyagana, akaondoka. Seva hiyo ilimjua kila mtu kwa jina na neno lake la siri, na ilijua nani asome nini. Biharamulo walikuwa na kompyuta tatu za Windows. Ili pande zote mbili ziisome, diski yetu ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani ambao hauna hata nafasi ya kuandika mwenye faili ni nani. Ukimimina mafaili humo, maneno yanasafiri, makatazo yanabaki Ngara. Biharamulo mtu yeyote angeweza kufungua lolote. Yakirudi Ngara, seva inamwona aliyeyanakili ndiye mwenyewe, na aliyenakili ni mimi. Kwa muda fulani, kwa mujibu wa mashine, siri zote za kambi zilikuwa mali yangu.

Nilipoligundua hilo nilikunja mikono ya blauzi. Stoo ya Biharamulo kulikuwa na kompyuta kuukuu, panya wamezalia ndani ya boksi lake. Niliisafisha, nikaiwekea Linux, nikaifanya seva, ili zile Windows zisiguse diski moja kwa moja bali zipitie kwake, kila mtu ajitambulishe kwanza. Diski nayo nikaipanga upya kwa mtindo wa Linux wenyewe, unaobeba ruhusa na mwenye faili. Diski ya namna hiyo ukiichomeka kwenye Windows unaulizwa kama ipangwe upya, na ukikubali umefuta kila kitu. Kwa hiyo niliizungushia plasta na kuandika kwa kalamu nyekundu: MKONO WANGU TU. Halafu nikaiamuru Ngara inakili bila kubadilisha ruhusa hata moja. Ilitii. Nilijipiga kifua nikiwa peke yangu, mlango umefungwa.

Kilichobaki kilikuwa kuwaandikisha watu wa Biharamulo kwenye seva yao mpya, na hapo ndipo malezi yangu yaliponiponza.

Kwetu huwezi kumnawisha kijana mikono kabla ya mzee. Birika linaanza kwa mkubwa, linashuka kwa umri, na mtoto anayekosea mpangilio huo anakumbushwa kwa jicho tu. Basi nilipokaa kuwaandikisha watu wa ofisi, sikufikiri hata dakika. Nilianza na mhasibu, mstaafu mwenye mvi. Akafuata bosi, akafuata dereva mkuu, wa nne karani wa stoo, na kuendelea hivyo hivyo mpaka kwa dada mhoji, halafu mimi mwenyewe mkiani. Kule Ngara mgeni aliwaandikisha watu kwa jinsi walivyofuatana kuajiriwa, na dada mhoji alikuwa wa nne. Sikuona tofauti hiyo ina uzito gani. Majina yalikuwa sahihi, maneno ya siri yalikuwa sahihi, wazee wamepewa heshima yao. Nilikwenda kula nikiwa na amani kabisa.

Alhamisi ya kwanza dada mhoji alijaribu kufungua mafaili yake pale Biharamulo, yakakataa. Aliniita.

"Dada, umekosea neno la siri," nikamwambia hata kabla sijaangalia.

"Sijakosea."

"Jaribu polepole. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja."

Gari lilikuwa linamsubiri aende kijijini Kaniha, akaondoka bila kuyafungua. Mimi nikarudi kwenye kazi zangu nikitikisa kichwa kwa kuwasikitikia wasiojua kompyuta. Mpaka leo nikikumbuka kile kichwa nilivyokitikisa, natamani kujizaba kofi.

Wiki iliyofuata, Ngara, mama mmoja aliingia ofisini kwetu kutoka kambini. Nilimjua. Alikuwa Mrundi, mwembamba, anatembea akiwa ameinua kidevu. Alikuwa akimtafuta binti aliyempoteza njiani akiwa bado hajaachishwa ziwa vizuri, na sisi tulikuwa tumempata msichana Kaniha ambaye kila kitu kilielekea kuwa ndiye. Analelewa na familia ya wakulima, anakwenda shule, ana afya. Tatizo ni kwamba familia nyingine ya kambini nayo ilimdai msichana huyo huyo. Kamati ya Biharamulo, iliyoamua mtoto ni wa nani, ilitaka ushahidi usiobishika. Mama alikuwa amemwambia dada mhoji kwamba lipo jambo moja, la baba wa mtoto na la namna mtoto alivyozaliwa, na kwamba jambo hilo likisemwa hakuna atakayebisha. Angelisema siku akiwa tayari. Dada aliliandika hivyo hivyo, kwamba mama ana jambo la baba wa mtoto, atalisema baadaye.

Siku hiyo hakukaa. Alisimama mbele ya meza ya dada.

"Futeni jina langu," akasema kwa Kirundi.

"Kuna nini, mama?"

"Bombani wananiuliza baba wa mtoto wangu ni nani. Wanawake ambao hata sijui vibanda vyao. Wanacheka. Mimi niliongea na wewe peke yako, dada. Na wewe peke yako."

Mama akanigeukia mimi, labda kwa sababu mimi ndiye niliyekaa na mashine.

"Walinambia karatasi ni mbaya, watu wanasoma. Wakanambia hii ni nzuri, ina kufuli. Kufuli iko wapi?"

Akaondoka. Misafara ya kurudisha watu kwao ilikuwa imeshaanza, na yeye alikuwa ameandikishwa kwenye mmoja. Asiposema lile jambo, angevuka mpaka bila mtoto, na mtoto angebaki Kaniha au apewe wale wengine. Yote hayo niliyajua pale pale, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha fundi.

Alhamisi hiyo nilifika Biharamulo nikiwa nimevimba. Nikaifungua seva, nikaiuliza folda ya dada mhoji ni ya nani. Ikanijibu kwa jina la karani wa stoo.

Nilisimama. Karani wa stoo alikuwa Mzinza wa umri wa baba yangu, mnene, mcheshi, anapenda kusoma chochote kilichoandikwa, hata maelekezo ya nyuma ya mfuko wa mbolea. Nilimkuta anahesabu maturubai. Sikumwamkia. Hilo peke yake lilitosha kumfanya aweke kalamu chini.

"Wewe ndiye umeiba mafaili ya dada," nikasema. "Umebadilisha jina ukaweka lako."

Vibarua wawili waliokuwa mlangoni wakaangalia pembeni.

"Binti yangu," akasema taratibu, kwa lafudhi yake ya kuchanganya l na r, "mimi hata hiyo paswedi naandikiwa. Nitabadirisha jina la nini?"

"Ulisoma au hukusoma?"

"Nirisoma," akasema, na uso wake ukaanza kubadilika. "Folda iko pale kwangu, inafunguka, nikadhani nimepewa. Nikasoma. Nikamwambia dereva anayekwenda Ngara, tukashangaa kidogo. Kwani kuna ubaya gani?"

Mtu asiyeweza kuandika neno lake la siri angebadilishaje mwenye faili? Nilirudi mezani mdogo kuliko nilivyotoka. Nilichukua daftari la mgeni, nikalisoma ukurasa kwa ukurasa, na yale maandishi ya kukanyagana yalinichukua mchana mzima. Karibu na mwisho nikaona mstari mmoja aliokuwa ameupigia mistari miwili chini: mashine haikumbuki jina, inakumbuka namba.

Niliiamuru seva inionyeshe wenye mafaili kwa namba badala ya majina. Folda ya dada ilikuwa ya namba mia tano na tatu. Hesabu ilianza mia tano, kwa hiyo hiyo ni namba ya mtu wa nne. Ngara, mtu wa nne aliyeandikishwa alikuwa dada mhoji. Biharamulo, kwa sababu mimi ni binti mwenye adabu, mtu wa nne alikuwa karani wa stoo. Diski ilikuwa imebeba ruhusa bila kudondosha hata moja, kama nilivyoiamuru, ikazikabidhi kwa mwenye namba. Mwenye namba ni mzee aliyetangulia kunawa.

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikapenga kamasi. Mashine haikuwa na kosa. Karani hakuwa na kosa la wizi. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho, na dada alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba hajakosea, nikamfundisha herufi kubwa na ndogo.

Kumwomba radhi mzee uliyemwita mwizi mbele ya vibarua si jambo la kusema samahani ukapita. Jioni nilinunua dumu dogo la pombe ya ndizi, nikamwomba mwanamke mmoja wa makamo anayemjua anisindikize, tukaenda nyumbani kwake. Nilipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

Alifunga kwanza banda la kuku, akaivuta kamba kuhakikisha.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Inuka. Mdomo wako utakuua, lakini si leo."

Nilimweleza kila kitu, namba na birika na msururu wa kunawa. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Kisha nikamweleza dawa yake, na hapo akanuna upya. Dawa ilikuwa kwamba kila mtu awe na namba moja katika ofisi zote mbili, ile ile, na kwa kuwa mafaili mengi yalikuwa Ngara, namba za Ngara ndizo zingeshinda. Mhasibu mwenye mvi angekwenda karibu na mwisho. Yeye karani angekuwa wa kumi na moja, nyuma ya wasichana wa mapokezi.

"Yaani nafasi yangu anapewa mtoto wa jana?"

"Si nafasi, mzee. Ni namba tu."

"Namba ni nafasi," akasema. "Hata jeshini."

Akanywa kidogo, akanipitishia, na nikajua nimesamehewa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. Yule mama aliyechekwa bombani, je, amepata mtoto wake? Nikamwambia bado, na kwamba hatampata asiposema, na kwamba hatasema. Aliweka kikombe chini.

"Mficha uchi hazai," akasema.

"Ndiyo, mzee. Lakini uchi wenyewe tumeutembeza barabarani."

Asubuhi alinikuta kwenye seva, akasema nimpe hiyo namba ya kumi na moja mbele ya watu wote, ili asiwepo mwingine wa kulalamika. Nikampa. Mhasibu alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Akamwona karani ametulia, akayameza.

Kubadilisha namba peke yake hakutoshi, maana mafaili yaliyokwisha kunakiliwa pale yanabaki na namba za zamani. Ilinibidi nipite folda kwa folda nikirudisha kila moja kwa mwenyewe, nikiwa na orodha ya Ngara mkono wa kushoto. Siku mbili. Umeme ulikatika mara nne, jenereta likawashwa mara tatu. Nilipomaliza nilimwita dada mhoji, nikamwomba radhi naye, nikamwambia ajaribu. Yakafunguka yote. Nikamwita karani ajaribu. Hakufungua hata moja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikajiambia, nikaimba wimbo wa kwaya wote, beti zote, na besi nikaiimba mwenyewe.

Ila mimi kujua ni jambo moja, na yule mama kuamini ni jambo jingine. Dada alikwenda kambini mara tatu. Mara ya tatu mama alijibu kwamba hataki kuambiwa, anataka kuona. Na anataka kumwona aliyesoma.

Alipatiwa kibali cha kutoka kambini. Alhamisi iliyofuata alipanda gari nasi. Nilikuwa nimekaa kama kawaida, diski mapajani, naye akanyoosha mkono.

"Ndimwo?" akauliza kwa Kirundi. Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu, hakuhitaji mkalimani. Alikuwa akiuliza kama yumo mle ndani.

"Ego, mama. Umo."

"Basi nipe nijibebe mwenyewe."

Nilitazama maandishi yangu mekundu, MKONO WANGU TU, nikampa. Aliifunga ndani ya kitenge chake, akaishika kwa mikono miwili toka Ngara mpaka Biharamulo, msitu mzima, hakusinzia.

Ofisini watu walikuwa wameshasikia. Karani wa stoo alivaa koti, siku ya joto. Mama alipoingia, yule mzee alisimama, na ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri, yeye ndiye aliyeanza kusalimia.

"Mama, mimi ndiye nirisoma. Niriona mlango wazi nikaingia, nikatoka na maneno. Naomba unisamehe."

Dada mhoji akafasiri, na kuanzia hapo akawa mkalimani wetu. Mama hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alinipa diski, nikaichomeka kwenye seva, nikanakili.

"Afungue," akasema.

Karani aliketi. Alijitambulisha, nikageuza uso wakati wa neno la siri, na safari hii aliliandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Folda ya dada ikaonekana. Akaibonyeza. Mashine ikamjibu kwamba hana ruhusa. Akabonyeza tena, na tena, kwa bidii ya kweli, jasho likimtoka, nami nikaona anaombea moyoni ikatae. Ikakataa mara zote. Nikaona mama ameanza kusogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Mkubwa wenu," akasema.

Bosi alikuwa mlangoni, akijifanya anapita. Akaketi. Hana ruhusa. Akacheka kidogo kwa aibu, akajaribu tena kwa siri kidogo, kama mtu anayejaribu mlango wa ofisi yake mwenyewe. Hana ruhusa. Vibarua wakaguna kwa furaha.

"Na wewe?"

Niliketi. Jina langu, neno langu. Sina ruhusa. Nilikuwa tayari kusimama nipokee makofi.

"Wewe ndiye uliyeweka kufuli," mama akasema. "Aliyeweka kufuli hana ufunguo?"

Ofisi nzima ilinitazama. Ningeweza kusema sina. Nani angejua? Dada mhoji mwenyewe hakujua. Lakini nilikwisha kumdanganya mama huyu mara moja bila kukusudia, na kumdanganya kwa kukusudia kulinishinda.

"Ninao," nikasema. "Upo ufunguo mkuu, wa fundi. Unafungua kila kitu."

Aligeuka aondoke. Nikamshika mkono.

"Mama, ngoja. Kanisani kwetu Kanazi sanduku la sadaka lina kufuli mbili. Moja ya mzee wa kanisa, moja ya mama mchungaji. Mmoja hawezi bila mwenzake. Neno la siri la fundi nitalibadilisha sasa hivi, mbele yako. Nusu naandika mimi, nusu anaandika dada. Sitaijua nusu yake, na Ngara tutafanya hivyo hivyo."

Sikuwa nimelipanga. Lilinitoka pale pale, na lilivyotoka nikaona ndivyo lilivyopaswa kuwa tangu siku ya kwanza. Mimi niliandika nusu yangu, wote wakiwa wamegeuka. Kisha nikampisha dada kwenye kiti, nikatoka nje kabisa, nikasimama uani, dada akaandika yake. Tukarudia kama mashine inavyotaka. Niliporudi mama aliniambia niketi, nijaribu ule ufunguo mkuu. Nikaandika nusu yangu. Mashine ikanikataa.

Sijawahi kukataliwa nikafurahi namna ile. Nilipiga kigelegele mimi mwenyewe, mimi niliyekataliwa, na karani akapiga meza kwa kiganja mpaka kikombe cha chai kikaruka.

Mama akamtazama dada mhoji. "Twende," akasema.

Wakaingia chumba cha ndani, mlango ukafungwa. Tulisikia sauti ya chini, kisha kibodi, kisha kimya, kisha kibodi tena. Karani alivuta kiti akakaa mbele ya mlango, na kila aliyekaribia, akiwamo bosi, alionyeshwa kwa kidole arudi alikotoka. Chai ilipoa. Walipotoka, macho ya mama yalikuwa mekundu na kidevu kimeinuka kama siku zote.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Dada alisoma mwenyewe, kwa mashine, mbele ya wajumbe watatu waliokula kiapo cha kutosema, kisha akafunga. Nasikia haikuchukua nusu saa. Wale wengine waliomdai msichana walipoulizwa swali moja tu lililotokana na faili lile, walinyamaza, wakaomba kuondoka. Msichana alikuwa wa mama yule.

Siku ya kwenda Kaniha mimi sikuwa na kazi yoyote huko. Nilijipakia tu garini, na dada hakuniuliza. Tulikuta uwanja umefagiwa, maharage yameanikwa, na msichana amevalishwa sare ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi. Alikuwa na kidevu kile kile. Mama aliteremka, akasimama hatua chache mbele yake, na hakuna aliyejua lugha ya kuanzia, maana mtoto alijua Kisubi cha pale kijijini na Kiswahili cha shule, na mama Kirundi. Mwishowe mtoto akasema alilofundishwa.

"Shikamoo, mama."

Mama aliitikia kwa kilio. Nililia na mimi, na dada, na dereva akajifanya anakagua tairi. Walikubaliana kwamba mtoto atamaliza muhula, kisha atavuka na mama yake, ambaye jina lake lilisogezwa kwenye msafara wa baadaye.

Mama mlezi alikuwa amesimama pembeni, mikono imefumbatwa. Alikuwa mwanamke wa Kaniha, mkulima, hana mtoto mwingine pale nyumbani. Nilimfuata nimpe pole na hongera kwa pamoja, maana sikujua ipi itangulie.

"Binti," akaninong'oneza, "huyu mama aliwaambia nini, hata mkaamini hivyo?"

"Sijui, mama."

"Wewe si ndiye mwenye kompyuta?"

"Ndiye mimi."

"Si umeiweka wewe ndani?"

"Nimeiweka mimi. Lakini sijui, na siwezi kujua. Hata nikitaka."

Alinitazama usoni akitafuta uongo. Alitafuta vizuri, kwa jicho la mtu aliyezoea kununua mbegu sokoni. Nilimwacha atafute. Sikuwahi kuwa fundi kuliko dakika ile, nikiwa sina chochote cha kumwambia.

Akageuka akamtazama mtoto, akafuta pua kwa ncha ya khanga.

"Mimi pia kuna jambo," akasema. "La huyu mtoto, siku nilipomwokota. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Dada yako anakaa ofisini siku gani?"

"Alhamisi na Ijumaa."

Alhamisi alikuja Biharamulo kwa baiskeli ya kukodi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinipita mezani kwangu, akaingia kwa dada, akafunga mlango.